Lumumba: mara mbili aliingia Katanga akiwa mfungwa

LUBUMBASHI – Januari 1960, Patrice Emery Lumumba aliletwa Katanga akiwa mfungwa na kuwekwa katika gereza la Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Januari 1961 aliletwa tena akiwa amefungwa kamba, safari hii Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kati ya safari hizo ulipita mwaka mmoja tu, na ndani ya mwaka huo aliongoza Kongo.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kijijini Onalua, Sankuru. Huko Stanleyville, leo Kisangani, alikuwa karani wa posta na mwandishi wa makala magazetini. Mwaka 1956 alifungwa kwa kosa la pesa za posta. Alipotoka alihamia Kinshasa, akauza bia, na Oktoba 1958 akaanzisha chama cha MNC pamoja na wenzake. Alijua Kifaransa, Kiswahili, Kilingala na Kitetela, hivyo watu wa makabila mengi walimsikia na kumpenda.

Kutoka Jadotville aliachiliwa ili aende Brussels kwenye mazungumzo ya uhuru. MNC ilipata viti vingi kuliko vyama vingine katika uchaguzi wa Mei, na tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilijitawala, yeye akiwa waziri mkuu. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake. Septemba, raisi Kasavubu alimwachisha kazi, Desemba akakamatwa.

Tarehe 17 Januari 1961 ndege ilitua Luano ikiwa naye pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wote wamepigwa sana. Usiku huo walipigwa risasi huko Shilatembo, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Lumumba alikuwa na miaka 35, Mpolo 32. Kisha miili yao iliyeyushwa kwa asidi ili wasipate kaburi.

Mke wake, Pauline Opango, alifariki mwaka 2014 bila kupata mahali pa kumlilia mumewe. Juni 2022 ndipo Ubelgiji ilirudisha jino moja, lililobaki mikononi mwa polisi mmoja Mbelgiji. Sanduku lake lilipitishwa Shilatembo, wakaaji wakalipokea, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni, miaka 61 baada ya kifo chake.