Rwagasore na Kura Niliyoidharau



Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Buyenzi. Mwaka jana, tulipochagua viongozi wa jumuiya yetu, sikupiga kura. Nilijiambia kura moja haibadilishi kitu. Aliyenisuta ni Mwanamfalme Louis Rwagasore.

Alizaliwa Gitega mwaka 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alikuwa Mkristo, lakini alipoanzisha ushirika mwaka 1957 alishirikiana na wafanyabiashara Waislamu wa mtaa wetu, na wengi wao wakamfuata katika chama cha UPRONA.

Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kile kilishikwa na Mbelgiji. Mabaraza yaliyoundwa kwa amri ya mwaka 1952 yalikuwa ya kushauri. Uamuzi ulibaki kwa wakoloni. Mwaka 1960 ilipofika zamu ya wananchi kuchagua madiwani wa tarafa, jamaa wa karibu wa Mwami walikatazwa siasa, na Rwagasore akawekwa kizuizini nyumbani. UPRONA ikashindwa.

Hapo ndipo ninapojipima. Mimi ningesusa. Yeye alipoachiwa alirudi kwa wananchi, akawaomba waiamini kura ileile iliyokuwa imemwangusha. Tarehe 18 Septemba 1961, chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, wananchi walichagua Bunge. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64, na kabla ya mwezi kwisha akawa Waziri Mkuu.

Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi mjini Usumbura, akafa akiwa na miaka 29. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 1 Julai 1962, hakuwepo.

Kaburi lake liko mlimani, juu ya mji. Nikilitazama nawakumbuka wazee wetu waliompigia kura. Kura zao hazikumkinga na risasi, lakini zilionyesha wazi ni nani mwenye haki ya kuisemea nchi, na hilo mkoloni hakuweza kulifuta.

Sisi tunafundishwa shura, tena tunajua kwamba uongozi ni amana. Basi tunawezaje kumwachia mwingine achague, kisha tukae barazani kulalamika? Uchaguzi wetu unakaribia. Safari hii, inshallah, mtanikuta kwenye foleni.