Robert Koch na panya wa Kiziba: kengele ya mlipuko hulia kwanza kijijini

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, waliohesabiwa kuugua walikuwa 10, na wote walifariki. Kati yao, 2 walithibitishwa kwa vipimo, na 8 walihesabiwa kutokana na dalili zao na uhusiano wao na wagonjwa wengine.

Mgonjwa wa kwanza anayefahamika alianza kuumwa tarehe 9 Disemba 2024. Kutoka siku hiyo hadi siku ya tangazo ni siku 42. Hapo ndipo swali la makala hii linapozaliwa: habari ya ugonjwa hupita wapi, na hukwama wapi, kabla ya kumfikia mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua?

Swali hilo si jipya mkoani Kagera. Zaidi ya miaka 120 iliyopita lilimhusu daktari Mjerumani, Robert Koch, ambaye wengi wetu tulimsikia shuleni kwa sababu ya kifua kikuu. Maisha yake yaligusa mkoa wetu mara mbili. Mara ya kwanza yanatufundisha jinsi ya kusikiliza. Mara ya pili yanatufundisha jinsi imani ya watu inavyopotea.

Mtoto wa mji wa migodi

Koch alizaliwa tarehe 11 Disemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba migodi nchini Ujerumani. Alisomea udaktari Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Hakuanzia kwenye maabara kubwa. Alikuwa daktari wa kawaida wa miji midogo, wa kutibu homa na kufunga vidonda.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Prussia na Ufaransa. Koch alijitolea kuwa daktari wa jeshi, akahudumia wagonjwa wa homa ya matumbo. Katika vita hivyo ndui ilisambaa pia. Wafungwa wa Kifaransa walipopelekwa Ujerumani, ugonjwa ulikwenda nao na kuingia kwa raia. Ndivyo vita vilivyo hadi leo: watu wanahama, maji yanachafuka, chanjo zinasimama, na ugonjwa husafiri pamoja na wakimbizi na askari.

Kimeta, kifua kikuu na kipindupindu

Baada ya vita Koch alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, eneo la wafugaji. Kondoo na ng'ombe walikuwa wakifa kwa kimeta. Akiwa na hadubini nyumbani kwake, na panya wa kufanyia majaribio, alionyesha mwaka 1876 kwamba kimeta husababishwa na kijidudu chake maalumu. Alionyesha pia kwamba kijidudu hicho hujenga gamba gumu na kuweza kukaa ardhini kwa muda mrefu. Mfugaji anayeonywa leo asichune mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla anafaidika na kazi hiyo.

Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Misri, kisha India, na mwaka 1884 akaeleza kijidudu cha kipindupindu na jinsi kinavyosafiri kwa maji. Sifa zikamjaa. Lakini mwaka 1890 alitangaza kwa haraka dawa ya kifua kikuu, na dawa hiyo haikuponya. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu haraka ya namna hiyo itarudi baadaye kwenye Ziwa Victoria.

Hamburg: ugonjwa uliojulikana ukafichwa

Mwezi Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani. Madaktari wa mji walianza kuona wagonjwa, lakini wakubwa wa mji walisita kutangaza. Waliogopa meli zingezuiwa na biashara ingeharibika. Serikali kuu ikamtuma Koch. Alipofika alikuta ugonjwa umeshaenea, na watu wanaendelea kunywa maji ya mto yasiyochujwa. Zaidi ya watu 8,000 walikufa. Altona, mji jirani uliochuja maji yake kwa mchanga, uliathirika kidogo sana.

Hamburg haikukosa wataalamu wala vitabu. Ilichokosa ni habari kutoka mapema na watu kuambiwa mapema.

Kiziba, 1897: panya walitangulia kusema

Mwishoni mwa 1896 Koch alikwenda Afrika Kusini kushughulikia sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Mwaka 1897 alipitia Bombay, ambako tauni ilikuwa ikiua watu wengi, kisha akafika Dar es Salaam. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameitawala nchi yetu kwa miaka michache tu, na utawala wao ulikuwa ukipanuka kwa mtutu wa bunduki.

Habari zikafika pwani kuwa huko Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, katika eneo ambalo leo liko Wilaya ya Missenyi, kuna ugonjwa unaoua watu kwa homa na uvimbe wa mitoki. Reli haikuwepo. Kutoka Dar es Salaam hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000. Koch mwenyewe hakwenda. Alikwenda daktari wa serikali, Dk. Zupitza, na sampuli zikamfikia Koch. Jibu lilikuwa tauni.

Lakini wenyeji hawakuwa wakingoja jibu hilo. Watu wa Kiziba walikuwa wameshaona kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, ugonjwa wa watu uko njiani. Wakiona hivyo walihama nyumba na migomba yao, wakakaa mbali mpaka hatari ipite. Jirani zao Waganda nao walikuwa na jina la ugonjwa huo, kaumpuli. Koch aliuchukua ujuzi huo wa wenyeji na kuuandika katika ripoti zake kama ushahidi. Alihitimisha kuwa tauni ilikuwa na makao ya kudumu katika nchi hiyo, na kwamba panya walikuwa sehemu ya kisa chake.

Tuseme wazi: huo ulikuwa mfumo wa tahadhari ya mapema. Ishara ilikuwa panya aliyekufa. Aliyeiona alikuwa mwenye nyumba. Hatua ilikuwa kuhama, na haikuhitaji ruhusa ya ofisi yoyote. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: ishara haikuvuka mipaka ya kijiji kwa haraka. Mpaka ifike Dar es Salaam na jibu lirudi, waliokuwa wa kufa walikuwa wameshakufa.

Papasi, kisha malale

Koch alirudi Afrika Mashariki mwaka 1905, mwaka huohuo aliopewa Tuzo ya Nobel. Safari hii aliangalia homa iliyokuwa ikiwaangusha wasafiri wa misafara. Alionyesha kuwa huletwa na papasi wanaojificha kwenye sakafu za udongo za vibanda vya kulala wageni. Watafiti Dutton na Todd walifikia jibu hilohilo Kongo, na Dutton alikufa kwa homa hiyo.

Mwaka 1906 alikuja tena kwa sababu ya malale. Kusini mwa nchi vita vya Majimaji vilikuwa vinaendelea. Upande wa Uganda, kando ya Ziwa Victoria, malale ilikuwa imeua zaidi ya watu 200,000 katika miaka michache. Koch alipiga kambi Visiwa vya Sese, na wagonjwa wakaja kwa wingi wakitafuta dawa.

Dawa yake iliitwa Atoxyl, na ndani yake mlikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu. Nafuu haikudumu, naye akapandisha dozi. Zaidi ya wagonjwa 20 walipofuka, na macho yao hayakurudi. Hata hivyo aliishauri serikali ya kikoloni iwakusanye wagonjwa katika kambi.

Moja ya kambi hizo ilianzishwa mwaka 1907 huko Kigarama, katika Kiziba ileile iliyomfundisha habari za panya. Mwanzoni watu walikuja. Walipoona maumivu ya sindano, macho yanayofifia na wagonjwa wasiopona, wengi waliacha kuja. Wengine waliondoka kambini. Mgonjwa aliyejificha hakuhesabiwa, na asiyehesabiwa hakuweza kuonya mtu mwingine yeyote. Kengele ilinyamazishwa na hofu.

Koch aliondoka Afrika mwaka 1907. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi yenye jina lake, ambayo leo ndiyo inayofuatilia milipuko ya magonjwa kwa ajili ya Ujerumani nzima.

Leo tunaupimaje mfumo wa tahadhari?

Nchi zenye vita hutumia mifumo maalumu ya tahadhari. Kila zahanati au kambi hutoa hesabu ya wagonjwa kila wiki, na magonjwa ya hatari huripotiwa siku hiyohiyo. Sudan Kusini, kwa mfano, imetumia vifaa vya Shirika la Afya Duniani vinavyopakiwa katika sanduku moja: simu, kompyuta na umeme wa jua, ili zahanati isiyo na umeme iweze kuripoti. Sanduku moja linatosha zahanati 50 hivi.

Ngara inajua kwa nini mambo hayo yanahitajika. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Miezi mitatu baadaye wakimbizi wengine walimiminika Goma, Kongo. Huko kipindupindu na kuhara damu viliwamaliza watu wapatao 50,000 katika mwezi mmoja. Ngara haikupata balaa la ukubwa huo. Sababu ni nyingi, lakini moja haina ubishi: wanaohesabu wagonjwa kila siku huona mapema nini kinaongezeka.

Wanaokagua mifumo hii huuliza maswali ambayo hata sisi tunaweza kuyauliza kijijini. Habari hutoka siku ya ngapi? Je, vituo vyote vinaripoti, au vile vya barabarani tu? Je, aliyetoa taarifa hurudishiwa jibu? Na je, watu wanaamini kwamba wakisema watasaidiwa, hawataadhibiwa wala kutengwa?

Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote, hasa penye vita. Mkimbizi anaogopa kurudishwa. Mfugaji anaogopa mifugo yake kuzuiwa. Familia inaogopa kunyimwa maiti ya ndugu yao. Simu na kompyuta haziondoi hofu hiyo. Kinachoiondoa ni jinsi mtu wa kwanza aliyetoa taarifa alivyotendewa, kwa sababu kijiji kizima kinaangalia.

Panya wetu wa leo

Ishara za kutazama hazijawa ngumu kuliko zile za Kiziba. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanaugua au kufa kwa dalili zinazofanana ndani ya siku chache. Homa kali inayofuatwa na kutoka damu. Kuhara maji mengi kunakomlegeza mtu mzima kwa saa chache. Mifugo, panya au wanyama wa porini wanakufa bila sababu inayojulikana.

Ukiona mojawapo, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako au zahanati iliyo karibu, siku hiyohiyo. Unaweza pia kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Usiguse maji ya mwili wa mgonjwa wala maiti, na usichune wala kula mzoga. Huhitaji kujua jina la ugonjwa. Watu wa Kiziba nao hawakukijua kijidudu. Waliona panya wamekufa, wakajua ni wakati wa kuchukua hatua.

Na kwa wale wanaopokea simu hizo tunalo ombi moja. Mpeni jibu aliyewapigia, hata kama jibu ni kwamba hakuna hatari. Asiyejibiwa leo, kesho hatapiga simu.