Robert Koch: Tabibu aliyeifunza dunia kutambua bakteria

KATIKA maeneo kame kama Kalama, Machakos, ambako maji huchimbwa kwenye mchanga wa mito ya msimu, maradhi ya kuhara na homa ya matumbo si mageni. Mgonjwa anapotoa kinyesi au makohozi ili yakapimwe, maabara inayokuza bakteria hao hufuata njia iliyofunguliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na daktari Mjerumani, Robert Koch.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, mjini Clausthal, katika familia ya watoto 13. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka wa 1866. Baadaye akawa daktari wa serikali katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland, na huko akafanya utafiti nyumbani mwake. Mwaka wa 1876 alithibitisha kuwa kimeta, maradhi yanayoua mifugo na watu, huletwa na bakteria wa aina moja mahususi.

Enzi hizo wataalamu kadhaa waliamini kwamba bakteria hugeuka kutoka aina moja hadi nyingine, hivyo kuwaainisha hakukuwa na maana. Koch alipinga rai hiyo. Hata hivyo, hadubini pekee haikutosha, maana bakteria tofauti huweza kufanana kama punje za mtama. Ilibidi tabia zao zichunguzwe: hula nini, humea katika joto gani, na hukigeuzaje chakula wanachowekewa.

Mwaka wa 1881 alieleza namna ya kuwakuza juu ya jelatini ili kila aina imee peke yake. Kwa kuwa jelatini huyeyuka penye joto, Fannie Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alipendekeza agari itokanayo na mwani, ambayo maabara huitumia hadi leo.

Machi 24, 1882, Koch alitangaza kuwa amempata bakteria wa kifua kikuu, ambaye huhitaji joto la karibu nyuzi 37 na majuma kadhaa kabla ya kuonekana. Mwaka wa 1884, akiwa Calcutta, India, alimtambua yule wa kipindupindu. Wapinzani walipodai kuwa bakteria wa umbo hilo hupatikana hata kwa wasiougua kipindupindu, alionyesha kwamba hao hawamei kwa namna ile ile katika jelatini.

Waliomfuata waliongeza vipimo vingine. Kwa mfano, bakteria wa homa ya matumbo hawachachushi sukari ya maziwa, ilhali wengi wa wale wanaoishi utumboni bila madhara huichachusha. Bila kipimo kama hicho, daktari huenda akatibu ugonjwa usiokuwapo.

Koch alifika Afrika Mashariki pia. Mnamo 1897 na 1898 alifanya kazi Dar es Salaam, na akathibitisha kuwako kwa tauni Kisiba, magharibi mwa Ziwa Victoria. Mwaka wa 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Lakini sifa hizo zina doa. Mwaka wa 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, ambayo haikuponya. Kisha, kati ya 1906 na 1907, aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka kabisa.

Hivyo, mtu aliyedai ushahidi kamili kabla ya kumpa bakteria jina hakudai ushahidi wa kiasi hicho kabla ya kuwadunga Waafrika dawa. Koch alifariki Mei 27, 1910, mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Aliacha elimu inayookoa maisha kila siku, pamoja na deni kwa watu wa Sese ambalo historia haijalifuta.