Askofu Crowther: Mtumwa Aliyepita Motoni Mara Mbili

Wengi wetu tumekua tukisikia habari za wamisionari, na karibu wote walikuwa Wazungu. Leo naomba niwasimulie habari za Mwafrika aliyewahi kukaa darasani London kabla yetu sote: Askofu Samuel Ajayi Crowther.

Alizaliwa mnamo mwaka 1809 hivi, Osogun, nchi ya Wayoruba, Nigeria ya leo. Mwaka 1821 wavamizi waliuteketeza mji wao, wakamteka yeye, mama yake na ndugu zake. Akatenganishwa nao, akauzwa mara kadhaa, hadi akajikuta ndani ya meli ya Wareno. Aprili 1822 manowari ya Waingereza ikaikamata meli hiyo, na kijana akashushwa Freetown, Sierra Leone.

Hebu fikiria: mtoto wa miaka kumi na kitu, hana mama, hana kwao. Lakini ndani ya miezi kama sita alikuwa anajua kusoma, na useremala akajifunza. Alibatizwa 1825, akapelekwa London 1826, na 1827 akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa chuo cha Fourah Bay. Mwaka 1843 akawa kasisi. Wale wa Mombasa mnaijua Frere Town, iliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Basi ni chama kile kile cha misheni, CMS, ndicho kilichomlea Crowther.

Mwaka 1846, akiwa kazini Abeokuta, alikutana na mama yake. Miaka 25 ilikuwa imepita! Mwaka 1848 mama naye akabatizwa. Crowther aliandika sarufi na kamusi ya Kiyoruba na kuongoza kazi ya kutafsiri Biblia, na 1864 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana, akiongoza misheni ya mto Niger.

Ningeishia hapa, ingekuwa hadithi tamu ya mtu aliyeteseka halafu akafanikiwa. Lakini mimi nasomea uhandisi, na karakana inanifundisha vingine. Chuma cha pua kikitolewa motoni na kutumbukizwa majini ghafla kinakuwa kigumu kweli, ila ukikigonga kinaweza kupasuka kama kigae. Inabidi kipashwe moto tena, polepole, ndipo kiwe kigumu na kistahimilivu. Tabu ya kwanza nayo ingeweza kumfanya Crowther mtu mkavu, mwenye kinyongo na kila mtu. Moto wa pili ndio uliomwonyesha alivyo.

Moto huo ulitoka kanisani kwake. Mwaka 1890 vijana wa kimisionari kutoka Uingereza, umri wa wajukuu zake, walikuja kuichunguza misheni. Kasoro zilikuwepo kwa baadhi ya watumishi, hilo halifichiki. Lakini waliwashutumu na kuwasimamisha watu wake hovyo, wakamdharau mzee wa miaka 80 mbele ya kikao, naye akajiuzulu kwenye kamati ile. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na nafasi yake akapewa Mzungu.

Sasa angalia alivyofanya mwaka ule wa mwisho. Hakumwacha Kristo kwa sababu ya Wakristo. Wala hakukaa kimya kama mtu asiye na haki: alishirikiana na makanisa ya Delta ya Niger ili yajitegemee na kujiongoza, yakibaki ndani ya Uanglikana. Mwaka 2014 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliomba radhi kwa yale aliyotendewa. Miaka zaidi ya 120 baadaye!

Jamani, tusimwambie mtu anayeonewa kwamba mateso ni mazuri. Utumwa ulikuwa uovu, na dharau ile ilikuwa uovu. Mateso yenyewe hayamsafishi mtu, maana wangapi yamewaharibu? Mkristo anasafishwa pale anapomkabidhi Mungu uchungu wake, akaendelea kupenda na kudai haki bila chuki. Sisi huku ugenini dharau tunazionja, nyingine tunapeana wenyewe kwa wenyewe. Tukipashwa moto, tujiulize: tunakuwa wagumu tu, au tunakuwa imara?

Mungu awabariki, na mitihani njema.