Leo Fender: Fundi asiyejua kupiga gitaa aliyewapa wanamuziki besi ya kubeba mgongoni

Jioni ya Jumamosi jijini Kampala, si ajabu kumwona kijana amepanda boda boda huku mfuko mrefu mweusi ukiwa mgongoni mwake. Huenda anawahi sherehe ya kwanjula, huenda anakwenda hotelini, au kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Ndani ya mfuko huo mna gitaa la besi. Wasikilizaji wengi hawaitambui sauti yake kwa jina, lakini ikinyamaza ghafla, hata asiyejua muziki huhisi kwamba wimbo umepoteza miguu yake.

Chombo hicho kilienea duniani kutokana na kazi ya mtu mmoja aliyefariki dunia tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Aliitwa Leo Fender. Hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Hata hivyo, kwa mwanamuziki wa Kampala anayesimama dukani na akiba yake mfukoni, akijiuliza anunue besi ipi, maisha ya mtu huyu yana mengi ya kumfundisha.

Mtoto wa shamba la machungwa

Clarence Leonidas Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909, katika familia ya wakulima wa machungwa, kati ya miji ya Anaheim na Fullerton katika jimbo la California, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka 8 uvimbe ulimpotezea jicho la kushoto, akawekewa la kioo. Utotoni aliguswa kidogo na piano na saksafoni, lakini kilichomteka hasa ni redio. Jamaa mmoja wa familia, aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari, alikuwa ameunda redio kwa vipuri alivyookoteza, na sauti iliyotoka humo haikumtoka kijana huyo akilini.

Chuoni hakusomea uhandisi, bali uhasibu. Alifanya kazi ya kutunza hesabu hadi mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipomnyang'anya ajira. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Duka hilo ndilo lililokuwa shule yake. Wanamuziki walimletea vikuza sauti vilivyoungua, magitaa yanayovuma na spika zilizopasuka. Fender aliwasikiliza. Kila kifaa kilichoharibika kilimwonyesha mahali ambapo mtengenezaji wa kwanza hakumfikiria mtu anayefanya kazi usiku, anayesafiri kutoka mji hadi mji, na asiyelipwa iwapo chombo chake kimegoma jukwaani.

Mzigo wa mpiga besi

Baada ya Vita Kuu ya Pili, bendi nyingi za dansi nchini Marekani zilipungua ukubwa, nayo magitaa ya umeme yakapaza sauti zaidi. Mpiga besi alibaki na matatizo mawili. Besi ya mbao ya kusimama, yenye kimo cha mtu au zaidi, haikusikika vyema mbele ya vikuza sauti vya wenzake. Pia, kuisafirisha kulikuwa adhabu.

Msikilizaji wa Uganda hahitaji kwenda mbali ili aelewe tatizo hilo. Kule Busoga, embaire, marimba makubwa ya magogo, huwekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti nzito ipate nguvu. Mlio wake huutikisa uwanja mzima, lakini shimo halibebeki. Sauti nzito, tangu zamani, imedai chombo kikubwa na mahali pa kukaa.

Mwaka 1951, Fender alitoa jibu lake. Lilikuwa ubao usio na uwazi ndani, shingo ndefu, nyuzi nne na kinasa sauti cha sumaku iliyozungushiwa waya. Hakuwa wa kwanza kabisa kuliwaza jambo hilo. Katika miaka ya 1930, Paul Tutmarc wa mji wa Seattle alikuwa ametengeneza besi ya umeme inayopakatwa kama gitaa, ila haikuenea. Ya Fender ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi na kushika soko.

Aliipa jina la Precision, kwa maana ya usahihi. Katika besi ya kusimama, shingo ni laini, na kidole kikikosea kidogo sauti hupotoka. Fender aliikata shingo kwa vyuma vyembamba vinavyoamua mwisho wa kila sauti. Hivyo hata mpiga gitaa wa kawaida angeweza kushika besi usiku mmoja na kupata ujira wa ziada. Mwaka 1952 akaongeza kikuza sauti cha Bassman, kilichokusudiwa chombo hicho kipya.

Si wote walioipokea kwa mikono miwili. Lakini Monk Montgomery, aliyekuwa katika bendi ya Lionel Hampton, aliipandisha jukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na watu wakaizoea. Katika miaka ya 1960, mjini Detroit, James Jamerson aliitumia Precision kurekodi nyimbo nyingi za kampuni ya Motown zilizosikika kote duniani, ingawa kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya sahani hizo.

Huku kwetu, magitaa ya solo, rizimu na besi yakawa nguzo za bendi za dansi kutoka Kinshasa hadi Dar es Salaam. Samba Mapangala na wenzake wa Les Kinois walipiga muziki Kampala kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977. Afrigo Band, iliyoundwa Kampala mwaka 1975, bado ni jina kubwa katika muziki wa Uganda. Vyombo vya umeme vya namna aliyoieneza Fender vimekuwa sehemu ya jukwaa hilo.

Chombo kinachokubali kutengenezwa

Siri kubwa ya Fender haikuwa uzuri wa umbo. Shingo ya gitaa lake haikugandishwa kwa gundi kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wengi, bali ilifungwa kwa skrubu nne. Ikipinda au kuvunjika, inafunguliwa na kubadilishwa. Vipuri vyake vilikuwa vichache na rahisi kufikiwa. Alibuni kama mtu aliyekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, akitengeneza vilivyoharibiwa na wengine.

Kwa Kampala, hilo si jambo dogo. Mpiga besi anayejilipia mwenyewe hana gitaa la akiba. Chombo anachokinunua lazima kiweze kufunguliwa na fundi wa mtaani mwenye bisibisi na chuma cha kulehemu, kisha kirudi kazini kabla ya harusi ya wiki ijayo.

Mabesi aliyoyabuni katika maisha yake yanaonyesha pia kwamba hakuna chombo kimoja kinachomfaa kila mtu. Precision, hasa baada ya mwaka 1957, ina kinasa sauti kilichogawanywa vipande viwili vinavyosaidiana kuuzima mvumo wa umeme. Katika ukumbi wenye nyaya za kubahatisha, au penye jenereta inayonguruma nyuma ya hema, huo ni msaada mkubwa. Ina vitufe viwili tu, cha sauti na cha ung'avu, kwa hiyo yanayoweza kuharibika ni machache.

Jazz Bass, aliyoitoa mwaka 1960, ina shingo nyembamba zaidi upande wa kichwani na vinasa sauti viwili. Humpa mpigaji sauti za aina nyingi na huwafaa wenye vidole vifupi. Lakini kinasa kimoja kikipunguzwa, mvumo huweza kujitokeza.

StingRay, ya mwaka 1976, aliyoifanyia kazi katika kampuni ya Music Man, ina saketi ya ndani inayotumia betri. Sauti yake hukata hewa na kusikika waziwazi. Anayeichagua hana budi kukumbuka mambo mawili: awe na betri ya akiba mfukoni, na auchomoe waya kila anapomaliza kupiga, kwa sababu waya ukiwa umechomekwa betri huendelea kuisha hata gitaa likiwa limelala.

Jina lililouzwa

Miaka ya 1960 ilimkuta Fender akiwa tajiri lakini mgonjwa. Maambukizi sugu ya pua yalimsumbua kwa miaka mingi, akaamini siku zake zinahesabika. Mwezi Januari 1965 aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Baadaye daktari mmoja aliubaini ugonjwa wake, akamtibu, naye akapona.

Hapo ndipo maisha yake yalipochukua mkondo wa ajabu. Afya ilirudi, mikono ilitaka kazi, lakini jina Fender kwenye kichwa cha gitaa halikuwa lake tena. Viwanda vilivyoendelea kulitumia vilimilikiwa na wengine, na wanamuziki wengi wakaanza kulalamika kwamba ubora umeshuka. Mwenye jina alianza upya kwa majina mengine: kwanza Music Man, kisha G&L, aliyoiasisi na rafiki yake wa zamani George Fullerton. Karakana ya G&L ilikuwa kando ya barabara iliyopewa jina lake, Fender Avenue, mjini Fullerton. Barabara ilimwita Fender, lakini magitaa aliyoyaunda humo hayakuruhusiwa kuitwa hivyo.

Aliendelea kufika kazini hata ugonjwa wa Parkinson ulipomdhoofisha. Mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya kifo chake, aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa rock and roll.

Somo kwa mnunuzi wa Kampala

Kuna somo hapa linalogusa mfuko. Katika masoko ya vyombo vya muziki duniani kote, jina maarufu hubandikwa kirahisi kwenye mbao zisizo na thamani. Kijana anayekusanya ujira wa maonyesho mengi ili anunue besi anaweza kulipia herufi sita kichwani mwa gitaa, na asipate chombo. Fender mwenyewe alitengeneza mabesi mazuri yasiyo na herufi hizo, na herufi hizo ziliandikwa kwenye mabesi ambayo hakuyagusa.

Kwa hiyo chombo kipimwe kwa kazi. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aitazame shingo kwa urefu wake, kama fundi seremala anavyoutazama ubao, aone kama imepinda kupita kiasi. Aulize kama chuma kilichofichwa ndani ya shingo bado kinakubali kukazwa na kulegezwa. Apige kila uzi ukiwa wazi, kisha aubonyeze kwenye chuma cha 12. Sauti inapaswa kuwa ileile, ila ya juu zaidi. Abonyeze kila kituo akisikiliza mlio wa kukwaruza. Azungushe vitufe, autikise waya taratibu, na asikilize kama sauti inakatika. Mwisho alivae gitaa kwa mkanda kwa dakika kadhaa akiwa amesimama, maana uzito usiosikika dukani huumiza bega saa nne baadaye.

Kikuza sauti nacho kina hesabu yake. Besi hudai nguvu nyingi kuliko gitaa la solo, na spika ndogo iliyokusudiwa solo huweza kupasuka ikilazimishwa kubeba sauti nzito. Mwenye fedha kidogo, ambaye kumbi anazozipigia tayari zina mtambo mkubwa wa sauti, huenda akanufaika zaidi na besi nzuri na kisanduku kidogo cha kuiunganisha moja kwa moja na mtambo huo, kuliko kununua spika asiyoweza kuipakia kwenye boda boda.

Uganda inao muziki unaoitwa kadongo kamu, yaani kigitaa kimoja. Jina hilo lenyewe linakumbusha kwamba wanamuziki wa nchi hii walijenga utamaduni mzima kwa chombo kimoja kilichozoeleka mkononi.

Leo Fender hakuacha wimbo wala rekodi. Alichoacha ni desturi ya kumuuliza mwanamuziki anafanya kazi wapi, anasafiri vipi, na nini humharibikia, kabla ya kukata ubao. Anayenunua besi leo Kampala akijiuliza maswali hayohayo matatu, atakuwa amechagua kama Fender mwenyewe alivyobuni, hata kama gitaa atakalotoka nalo dukani halina jina lolote kichwani.