Jimmie Rodgers: Msee wa Mississippi Aliyegeuka Chemirocha kwa Majirani Wetu

Mafans wa noise wanamjua Masami Akita, Mjapani anayejiita Merzbow. Albamu yake Pulse Demon ya 1996 ni mngurumo na mikwaruzo mwanzo mwisho, hakuna kuimba. Ukiidunda kwa steji ya Nyacheki, watu watadhani spika imeharibika.

Lakini sauti ngeni za ng'ambo hazikuanza kufika pande hizi jana. Kuna msee sauti yake ilitua hapa karibu, na yeye akafa bila kujua.

Jimmie Rodgers alizaliwa 1897 huko Mississippi, Marekani. Mathe yake alikufa yeye akiwa bado mdogo. Buda yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, na Jimmie naye akaingia hustle hiyo hiyo, akafanya kazi ya breki za treni. Mwaka wa 1924 daktari akamwambia ana TB. Siku hizo hakukuwa na dawa ya kuitibu. Kazi ya reli ikamshinda, akabaki na gita.

Agosti 1927 alirekodi mara ya kwanza, mjini Bristol, Tennessee. Mwaka huo huo akarekodi Blue Yodel, na ilipotoka jina likalipuka. Kilichoshika watu ni yodeli: sauti inaruka ghafla kutoka chini hadi juu kabisa, kama koo imevunjika, na haisemi neno lolote. Mwaka wa 1930 alirekodi na Louis Armstrong, yule mnoma wa tarumbeta.

Doh iliingia, lakini mapafu yalizidi kuisha. Mei 1933 alienda New York kurekodi akiwa hoi, na familia inamtegemea. Studioni waliwekewa kitanda: anaimba wimbo, analala, anaamka kuimba mwingine. Tarehe 26 mwezi huo akafariki, miaka 35 tu.

Santuri zake hazikufa. Zingine zilifika kwa Wakipsigis. Ukitoka Nyacheki, pita Keroka na Sotik, utafika Kapkatet. Hapo ndipo mwaka wa 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alikuta wasichana wakiimba Chemirocha. Hilo ni jina Jimmie Rodgers, likitamkwa Kikipsigis. Kwa maelezo ya Tracey, walimwona kama kiumbe nusu mtu, nusu swara. Kwani mtu wa kawaida anaweza kutoa sauti kama ile kwenye kisanduku? Wakamtungia wimbo wao, na ala yao ya nyuzi ikipigwa chini.

Rekodi hiyo ilizunguka dunia, lakini Kapkatet ilichukua zaidi ya miaka 60 nakala kurudishwa kwa wenyewe. Wengi walioimba walikuwa washaenda.

Hapo ndipo hii stori inatuuma sisi Wakisii. Obokano yetu inavuma na kunguruma kushinda ala nyingi, na vijana wengi husema ni kelele za wazee. Wasichana wa Kapkatet walisikia sauti ya ajabu kutoka mbali, wakaipa jina na wimbo. Sisi tuna ya kwetu nyumbani, na wanaoijua kuipiga wanazeeka. Una guka anayepiga? Toa simu umrekodi, na hiyo faili ibaki kwenu.