Mtakatifu Aidan, Askofu Aliyetembea kwa Miguu

Kila ifikapo tarehe 31 Agosti, Kanisa letu humkumbuka Aidan, Askofu wa Lindisfarne. Wengi wetu hulisikia jina lake likitajwa katika sala, tukalisahau kabla ya kufika nyumbani. Basi tumeona vema kumweleza kidogo, maana jina ni geni lakini mambo yake si mageni kwetu.

Aidan alikuwa Mwairishi, mtawa wa Iona, kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Uskoti, ambako Mtakatifu Columba alijenga nyumba ya watawa mwaka 563. Siku zile Uingereza haikuwa nchi moja. Ilikuwa na wafalme wengi waliopigana daima. Mmoja wao, Oswald wa Northumbria, aliishi ukimbizini kati ya Waairishi katika ujana wake na kubatizwa huko. Alipokwisha kukaa katika kiti cha ufalme, alipeleka ujumbe kwa watawa kuwaombea watu wake mwalimu.

Aliyepelekwa kwanza alikuwa mtu mkali. Alihubiri, watu wasimsikilize, akarudi na kuwaambia wazee barazani kwamba Waingereza wale ni washenzi, wenye shingo ngumu, hawafundishiki. Wazee wakasikitika. Ndipo Aidan, aliyekuwa ameketi kati yao, akamwambia ndugu yule kwamba aliwabana mno watu wasiojua kitu. Ilimpasa kuwanywesha maziwa kwanza, kama Mtume alivyofundisha, mpaka wapate nguvu za kula chakula kigumu. Macho yote yakamgeukia. Wakaona kuwa anayefaa kwenda ni yeye, wakamweka wakfu awe askofu.

Hapa sisi tuliovuta vumbi la chaki kwa miaka mingi tunainamisha vichwa. Chuoni tulifundishwa kuanza na lile mtoto alijualo, kisha kumwongoza kwenye lile asilolijua. Tuliyaandika hayo katika daftari, tukafaulu mtihani. Lakini ni mara ngapi tulitoka darasani, fimbo mkononi, tukisema watoto hawa ni wazito? Wako watu wazima tunaoonana nao Jumapili waliokimbia shule kwa ajili ya ukali wetu. Hutusalimu kwa heshima, nasi tunaona haya.

Aidan alifika Northumbria mwaka 635. Mfalme akampa kisiwa cha Lindisfarne, karibu na ngome yake ya Bamburgh. Maji yakipwa, mtu huvuka kwa miguu. Yakijaa, njia hufunikwa. Ndugu zetu wa pwani wataelewa mara moja. Askofu hakukijua vizuri Kiingereza cha wakati ule, na kwa kuwa mfalme alijifunza Kiairishi ugenini, alisimama yeye mwenyewe kutafsiri mahubiri mbele ya wakuu wake. Tafakarini jambo hilo: mfalme mkalimani wa mtawa!

Safari zake alizifanya kwa miguu, ila dharura ilipomlazimisha kupanda farasi. Aliyekutana naye njiani, tajiri au maskini, alisimama kuzungumza naye. Waliofuatana naye iliwapasa kusoma Maandiko au kujifunza Zaburi hali wakitembea. Alichukua vijana 12 wa Kiingereza awafunze. Mmoja wao, Eata, baadaye akawa askofu wa Lindisfarne. Tena fedha alizopewa na matajiri aliwagawia maskini, au alizitumia kuwakomboa watu waliouzwa utumwani bila haki. Wengi wa hao aliwasomesha, na wengine wakapata daraja ya ukasisi. Tusomapo hayo tunaikumbuka Kiungani, Unguja, na vijana waliookolewa katika majahazi. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mmoja wao, alipewa ukasisi mwaka 1890.

Oswald aliuawa vitani mwaka 642. Baadaye mfalme Oswine wa Deira, rafiki mkubwa wa Aidan, alimpa farasi mzuri wa kuvukia mito. Haukupita muda, Aidan akakutana na maskini mwombaji, akashuka, akampa farasi pamoja na matandiko yake yote. Mfalme alikasirika, akauliza kwa nini asingempa farasi hafifu. Aidan akamuuliza kama mtoto wa farasi ana thamani kuliko mwana wa Mungu. Oswine akasimama penye moto akiwaza, kisha akavua upanga wake, akapiga magoti kuomba radhi. Askofu alimwinua, lakini alipokuwa mezani akaanza kulia. Alimweleza kasisi wake kwa Kiairishi kwamba mfalme mnyenyekevu kiasi hiki hataishi sana, maana taifa lile halikumstahili.

Ikawa hivyo. Tarehe 20 Agosti 651 Oswine aliuawa kwa amri ya mfalme mwenzake.

Bede, aliyeyaandika haya mwaka 731, alimlaumu Aidan kwa kushika Pasaka kwa hesabu ya Waairishi, lakini hakuficha sifa zake. Twapenda mwandishi wa namna hiyo.

Aidan hakukaa sana baada ya rafiki yake. Aliugua akiwa Bamburgh. Wakamtandikia hema ubavuni mwa kanisa, upande wa magharibi, na huko akafa tarehe 31 Agosti, ameegemea nguzo iliyoshikilia ukuta kwa nje. Kanisa lile liliungua mara mbili, nguzo isiungue. Katika kanisa la Bamburgh la sasa, juu ya mahali pa kubatizia, upo mti wa kale ambao wenyeji husema ndio ule.